Mwanangu anauliza kama baba yake naye atafufuka Jumapili

Mama Wawili, Tukuyu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kufiwa.

Mume wangu alifariki Novemba kwa ugonjwa wa figo. Tuliuza kipande cha shamba la chai ili asafishwe damu Mbeya, na deni bado lipo. Sisi ni Wamoravian, desturi yetu mnaijua: Jumamosi tunasafisha makaburi, Jumapili ya Pasaka alfajiri, giza bado, tunakusanyika palepale na tarumbeta. Mchungaji anasema "Bwana amefufuka," tunaitikia "amefufuka kweli kweli." Miaka yote nimeimba sauti ya pili pale. Mwaka huu kaburi mojawapo ni la baba watoto, na kwa mvua hizi udongo wake hata haujashikana.

Sasa wa mwisho wangu, yuko darasa la kwanza, karudi shule ya Jumapili akaniuliza: "Mama, baba naye atatoka Jumapili?" Nilikuwa namenya ndizi, kisu kikasimama.

Kila nikilia kuna mtu wa kunitajia 1 Wathesalonike 4:13, eti tusihuzunike. Imani sijaiacha, naomba kila siku. Ila matumaini siyaoni. Nimjibu nini mtoto? Na niende makaburini au nibaki nyumbani?

Mzee wa Isoko

Pole sana binti yangu.

Huo mstari wanaukata. Paulo anasema msihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Hakukataza huzuni. Aliwaandikia watu waliofiwa kweli, wenye hofu juu ya wafu wao. Soma hadi mstari wa 18: anawaambia wafarijiane, hawaambii wanyamazishane.

Desturi yetu ya alfajiri ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Vijana walipanda makaburini kabla ya jua kuchomoza, wakaimba. Wangeweza kuimbia kanisani. Walikwenda kule kwa sababu habari ya ufufuo inawahusu kwanza waliolala pale na wanaowalilia. Kwa hiyo mwaka huu wewe ndiye mwenye haki ya kusimama mbele, hata usipofungua mdomo.

Mtoto mwambie ukweli: baba atafufuka, lakini siyo Jumapili hii. Siku yenyewe Mungu anaijua. Akiuliza mbona Yesu alitoka siku ya tatu, mwambie Yesu ni limbuko. Ni kama yale mahindi ya kwanza kukomaa. Ukiyaona unajua shamba lote linakuja. Hilo linatoka 1 Wakorintho 15, sijalitunga mimi.

Nyambura, Nakuru

Pole mama. Mwaka 2015 mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa yalitokea Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili. Watu 148 waliuawa. Pasaka ikafika wazazi wengine wakiwa bado kwenye chumba cha maiti cha Chiromo, Nairobi, wanatafuta miili ya watoto wao.

Kwetu parokiani, misa ya mkesha, Injili ilikuwa Marko 16. Padre akaongeza mstari wa nane, pale wanawake wanakimbia kutoka kaburini wakitetemeka na hawamwambii mtu lolote kwa woga. Akasema hao ndio Wakristo wa kwanza wa Pasaka, na wakati wanatetemeka Bwana alikuwa ameshafufuka. Nimelishika hilo mpaka leo. Kufufuka kwake hakusubiri moyo wangu utulie.

Mama Wawili, Tukuyu

Asanteni sana. Baba, la mahindi nimemwambia jioni hii. Akauliza, "Yatachukua muda gani?" Nikasema sijui. Akasema sawa, akaendelea kula. Nitakwenda. Kinachonitisha sasa ni kuimba.

Mama Neema, Sumbawanga

Mdogo wangu, mimi pia ni mjane. Mwambie mwalimu wa kwaya leo, usingoje Jumamosi, kwamba mwaka huu utasimama na wanao. Umewaimbia wafiwa wangapi pale? Safari hii waache wakuimbie.

Na lile deni mweleze mzee wa kanisa wa mtaa wako, kiasi gani na unadaiwa na nani. Watu hutoa rambirambi siku ya mazishi, baadaye wanadhani mambo yameisha. Kulisafisha kaburi nenda na mashemeji zako, jembe washike wao. Watoto wavalishe masweta, Tukuyu saa kumi na moja alfajiri si mchezo.