Dokumentari ipi tuonyeshe shehiani siku za tamasha: ya Bi Kidude, The Letter au Thank You for the Rain?

Mkaazi_wa_Shamba
Asalaam aleikum wadau. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ikiwa Ngome Kongwe mjini, na sisi huku shamba tunataka watu wetu wapate usiku mmoja wa dokumentari. Tumebakiza tatu: As Old As My Tongue (2006) ya Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, The Letter (2019) ya Kenya, kuhusu wazee wanaoitwa wachawi huku nyuma kuna ugomvi wa ardhi, na Thank You for the Rain (2017), ya Kisilu Musya, mkulima wa Kitui aliyeshika kamera mwenyewe kurekodi ukame na mafuriko. Kamati inaamua Jumamosi. Ipi?

Projekta_Nyeupe
Mkuu, umetaja filamu tu. Ni uwanjani au ndani ya skuli? Watu wangapi? Projekta ina lumeni ngapi, yaani nguvu ya mwanga? Faili mnalo mkononi? Bila hayo tutabishana ladha tu.

BintiMkunazini
Bi Kidude. Uwanjani sauti hukatika, na filamu ya muziki humshika hata aliyekaa nyuma kabisa. Halafu amefariki Aprili 2013, kwa hiyo watoto wa skuli wa leo hawakumwona jukwaani. Wamwone.

Kaya_Kilifi
Napendekeza The Letter. Bi Kidude kila mtu huko anamjua, lakini bibi kusingiziwa uchawi ni jambo ambalo watu hunong'ona tu. Na msisahau kwamba Bi Kidude alikuwa somo wa unyago, yaani mwalimu wa wasichana jandoni kwao. Kamati iitazame yote kabla, maana ya unyago hayawekwi mbele ya wanaume na watoto.

BintiMkunazini
Hilo la kuitazama kabla nakubali. Lakini The Letter usiku, watu wengi, halafu kila mtu arudi nyumbani akimfikiria jirani yake? Hapo lazima kuwe na mzee wa kuongoza mazungumzo baada ya filamu.

Ziwa_Kubwa
Kwa nini hakuna Darwin's Nightmare (2004)? Inahusu Mwanza, sangara na ndege za mizigo.

Kaya_Kilifi
Kwa sababu mwaka 2006 Rais Kikwete mwenyewe aliilaani hadharani. Ukiipeleka shehiani, usiku mzima ni siasa.

Ziwa_Kubwa
Dokumentari isiyoudhi mtu ni tangazo la utalii.

Projekta_Nyeupe
Fungueni uzi wenu. Mkaazi, majibu?

Mkaazi_wa_Shamba
Samahani. Uwanja wa mpira, watu kama 300, projekta ya kuazima lumeni 3,000, jenereta ipo. Tunaanza baada ya Isha.

Projekta_Nyeupe
Skrini ya mita 4 kwa 2.25 itang'aa vizuri. Mita 6 kwa 3.4 ndiyo mwisho wa lumeni 3,000, na taa za uwanja zizimwe. Lenzi ikiwa na uwiano wa 1.5 (umbali wa projekta ukigawanywa kwa upana wa skrini), skrini ya mita 4 inataka projekta ikae mita 6 mbele yake, na ya mita 6 inataka 9. Ukingo wa chini uwe mita 1.5 juu ya ardhi. Maandishi ya tafsiri hukaa chini, na aliye jamvini nyuma ataona visogo tu.

Fundi_Waya
Jenereta ni kVA ngapi, yaani uwezo wake wa umeme, na nani mwingine atachomeka? Kosa kubwa la maonyesho ya uwanjani liko hapo. Onyesho moja la shamba lilikufa hivi: jenereta ya kVA 2, kwenye waya mmoja wamechomeka projekta, spika mbili na friji ya muuza soda. Kila kompresa ya friji ikianza, volti inashuka. Mara ya tatu projekta ikazimika. Balbu ikizimika ghafla ikiwa moto haiwaki tena mpaka ipoe, tena feni nayo imesimama kwa kukosa umeme. Wakalazimisha kuiwasha, wakazima, wakawasha tena. Balbu ikapasuka kwenye dakika ya 40. Watu wakakunja majamvi.

Kwa hiyo: friji isiguse jenereta hiyo. Projekta iwe na UPS yake, yaani betri ya akiba. Tangi lijazwe kabla ya kuanza, lisiongezwe mafuta injini ikiwa moto. Jenereta ikae mita 30 mbali, upande upepo unakoelekea.

Projekta_Nyeupe
Na msichomeke flashi kwenye projekta. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4, na projekta nyingi hazisomi mfumo wa exFAT unaopokea makubwa. Tumieni laptopu na waya wa HDMI usiozidi mita 10. Faili la SRT, lile la maandishi ya tafsiri, liwe na jina lile lile la video, lihifadhiwe kwa UTF-8 ili herufi zisiharibike. Video ikiwa ya fremu 25 kwa sekunde na maandishi yamepangwa kwa fremu 24, kufika dakika ya 90 yameachana zaidi ya dakika 3. Jaribuni mwanzo, katikati na mwisho.

BintiMkunazini
Maandishi ya nini? Wazee hawasomi kwa kasi hiyo. Wekeni mkalimani na maiki, kama vibanda vya video.

Kaya_Kilifi
Kwenye filamu ya mapigano sawa. Dokumentari ni sauti ya mtu halisi; ukiifunika umemwondoa mwenyewe.

BintiMkunazini
Asiyeelewa neno amemsikia nani? Mkalimani aseme mhusika akinyamaza, sauti ya filamu ishushwe nusu tu.

Kaya_Kilifi
Ruhusa mnayo?

Mkaazi_wa_Shamba
Sheha amekubali.

Kaya_Kilifi
Sheha anatoa uwanja. Filamu mnaiombea kwa mwenye haki, kwa maandishi, mkitaja tarehe, mahali na idadi ya watu. Halafu kuna Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Ruhusa ya tamasha haiwafuniki nyinyi.

Mkaazi_wa_Shamba
Basi Jumamosi ni karibu mno. Nitaomba kamati isogeze. Kuhusu mkalimani: ya Kitui ina Kikamba. Nani anamjua mtu hapa Unguja?

BintiMkunazini
Kikamba si lazima. Atafsiri kutoka maandishi ya Kiingereza, ila apewe filamu siku mbili kabla.