Kivumbasi cha kilimani kilinukia karafuu, nilichopanda bondeni kinanukia dawa: nimekosea wapi?

KijaniKibichi
Wanajukwaa, nawasalimu na ninaomba ushauri, kwa kuwa nimefika mahali ambapo sijui niendelee au nisimame. Mwaka juzi nilikuta kivumbasi cha porini kikiota katikati ya mawe, karibu na kilele cha kilima kikavu, na ukilisugua jani lake ulibaki na harufu ya karafuu vidoleni mpaka jioni. Nilikeneka majani kidogo, yaani niliyapitishia mvuke kisha nikaupoza, nikapata mafuta yaliyompendeza kila aliyeyanusa, ndipo nikaamua kukipanda mwenyewe bondeni, penye udongo mweusi na maji ya kutosha. Kimestawi mpaka kimenipita kimo, lakini mafuta yake hayana karafuu kabisa. Yana ukali kama wa dawa ya kusukutulia mdomo. Wingi si tatizo, maana kilo 30 za majani mabichi zimenipa lita 2 nzima. Tatizo ni harufu. Je, ni udongo, ni mwinuko, au ni maji? Niongeze nini, nipunguze nini?

MzeeWaMtungi
Kijana, usiulaumu udongo kabla ya kujichunguza mwenyewe. Mimi nilianza na mnanaa. Mwaka wa kwanza nilivuna machipukizi, mafuta yakatoka makali lakini hayana ule ubaridi wa mnanaa, nami nikailaumu mbolea msimu mzima. Kumbe jani changa la mnanaa limejaa kiungo kiitwacho mentoni, na ni kadiri jani linavyokomaa ndipo mentoni hiyo hugeuzwa kuwa mentholi, ambayo ndiyo ubaridi wenyewe. Mbolea haikuwa na hatia yoyote. Wewe ulivuna saa ngapi, na mmea ulikuwa umefikia wapi? Nauliza kwa sababu hata kivumbasi kimewahi kupimwa, na eujenoli, ambayo ndiyo harufu ya karafuu yenyewe, ikaonekana kupishana sana kati ya mchana na jioni ya siku moja.

BiRehani
Mwanangu, mimi nina swali jingine. Watu wakishasikia kwamba mahali fulani pana mmea unaonukia karafuu, baada ya misimu miwili hubaki mawe matupu. Uling'oa mashina mangapi kule kilimani?

KijaniKibichi
Mama, sikung'oa hata shina moja. Mzee wangu, mara zote mbili nilivuna asubuhi, mmea ukiwa umechanua, kwa hiyo sidhani kama tofauti iko hapo. Niongeze tu kwamba nimeshafunga maji, na leo ni siku ya 12, kwa sababu nimesoma kuwa mmea ukibanwa na kiu hutoa mafuta makali zaidi. Najua wapo watakaosema nimefanya haraka, lakini kile cha kilimani hakikumwagiliwa na mtu yeyote na kilinukia vizuri.

SinaHaraka
Kwa hiyo mmea umenyimwa maji kwa kosa la kunukia vibaya. Mimi nikinyimwa maji siku 12 nitanukia pia, ila sidhani kama itakuwa karafuu.

TeziNaJani
Tuache mzaha kidogo. Ukilitazama jani la kivumbasi kwa kioo cha kukuzia utaona vitone vidogo vinavyong'aa. Hivyo ni vifuko vya mafuta, na vingi huwekwa jani likiwa bado changa sana. Jani linapotanuka, vifuko hutawanyika. Ndiyo maana mmea wa mahali pakavu penye jua kali, ambao majani yake ni madogo na mazito, huonekana umejaa mafuta kuliko ule wa bondeni. Kiu ya wastani inaweza kupandisha kiasi cha mafuta kwa kila gramu ya jani kavu, lakini hupunguza majani yenyewe, na mara nyingi jumla ya mafuta hushuka. Zaidi ya hapo, majani yako yameshakomaa. Ukiyanyima maji sasa, utayakausha tu.

Mazingira hubadilisha wingi, na hubadilisha uwiano kiasi fulani, lakini kutoka karafuu hadi dawa ya kusukutulia ni mbali mno. Umesema hukung'oa shina. Basi ulipanda nini: vipandikizi au mbegu?

KijaniKibichi
Nilipanda mbegu. Sikuona kuwa ni jambo la kutajwa, kwa sababu mbegu ya kivumbasi huota kivumbasi, na mmea ulioota ni ule ule kwa jani, kwa ua na kwa shina. Ndiyo maana bado naamini kwamba kilichobadilika ni mahali.

TeziNaJani
Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza. Mimea ya jamii moja, isiyotofautiana kwa macho, inaweza kubeba mafuta ya aina mbalimbali kwa urithi. Kivumbasi kirefu kinajulikana kwa jambo hilo: kipo chenye eujenoli nyingi, na kipo chenye thimoli nyingi, ambayo ndiyo hiyo harufu ya dawa ya kusukutulia uliyoitaja bila kujua.

Mfano uliochunguzwa vizuri ni wa mmea wa thaimu wa porini katika bonde la Saint-Martin-de-Londres, karibu na Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Mmea ni mmoja, lakini aina zake za mafuta katika eneo hilo ni 6. Hewa ya baridi kali hutuama chini ya bonde wakati wa kipupwe, na aina zenye thimoli na karvakroli, ndugu yake wa karibu, huumizwa na barafu hiyo, kwa hiyo kwa muda mrefu zilitawala kwenye miinuko ya kandokando huku nyingine zikitawala chini. Kadiri baridi kali ilivyopungua, hizo zenye thimoli na karvakroli zimeonekana hata mahali ambapo hazikuwapo katika miaka ya 1970. Angalia mahali palifanya nini hapo: palichagua nani aishi. Hapakugeuza harufu ya shina lililokwisha kuota.

Nijibu basi: mbegu zilitoka kwenye vichaka vile vile vya kileleni?

KijaniKibichi
Hapana. Nilipofika, za kileleni zilikuwa zimekwisha kupukutika, kwa hiyo nilizichuma chini ya kilima, kando ya kijito. Sikusugua majani yale. Umbo lilikuwa lile lile na mvua ilikuwa inaanza kunyesha. Tafadhali msinihukumu kwa hilo, maana nimeshampelekea mnunuzi sampuli ya mafuta ya kilimani, naye amekubali. Ndiyo sababu nilitaka kujua dawa ya udongo, si historia ya mbegu.

MpimaManeno
Samahani, wakuu, mimi nasita kuendelea. Majani mabichi ya jamii hii kwa kawaida hutoa mafuta chini ya asilimia 1, maana yake kilo 30 haziwezi kufikisha hata mililita 300. Mleta mada anadai lita 2. Sasa kila tukiuliza, kinatoka kipande kipya: kwanza mbegu, halafu kijito, halafu mnunuzi. Ama hajawahi kuwasha moto chini ya mtungi, ama hadithi hii imetungwa.

SinaHaraka
Nami nilikuwa nimeanza kumhurumia mnunuzi ambaye huenda hayupo.

KijaniKibichi
Nimeumia kusoma hayo. Chupa iko mbele yangu dirishani. Juu kuna tabaka la manjano lenye unene wa kidole kimoja, na chini yake kuna maji yenye ukungu mweupe. Nilihesabu yote kuwa mafuta kwa sababu yote yananukia.

MpimaManeno
Basi nafuta neno "imetungwa" na kuweka "uzembe" mahali pake. Mafuta yako ni hilo tabaka la juu tu.

MzeeWaMtungi
Hapo amesaidia bila kukusudia. Kijana, kumbuka vizuri: mafuta ya kilimani yalijitenga vipi na maji?

KijaniKibichi
Yalikawia sana, Mzee. Nililaza chupa usiku kucha, na asubuhi baadhi ya matone yalikuwa yamezama chini kabisa. Haya ya sasa yalielea mara moja.

MzeeWaMtungi
Eujenoli ni nzito kuliko maji, ndiyo maana mafuta ya karafuu huzama. Mafuta yenye eujenoli nyingi huhangaika katikati, hayajui yapande au yashuke, na sehemu yake huyeyuka na kubaki majini. Chupa zako mbili zilikuwa zikikueleza mapema kwamba hizi ni aina mbili.

TeziNaJani
Naafiki. Kipimo cha kromatografia ya gesi, kinachotenganisha viungo vya mafuta kimoja kimoja, kingemaliza ubishi, lakini kidole na pua vinatosha kwa kuanzia. Fungua maji leo. Kisha sugua jani la kila shina, kwa sababu nyuki huchanganya chavua na huenda baadhi ya miche yako ina karafuu. Yatakayonukia, yaweke alama na uzidishe kwa vipandikizi pekee, maana kipandikizi hurithi kila kitu kutoka kwa mama yake.

KijaniKibichi
Nimeelewa. Hata hivyo, ninayo bado mafuta ya kilimani kidogo. Nikiyachanganya na haya mapya kwa shehena ya kwanza tu, wakati vipandikizi vinakua, kuna ubaya gani?

BiRehani
Ubaya ni kwamba atakapoagiza ya pili hutakuwa na cha kuchanganya. Mwandikie umweleze, mwanangu.

KijaniKibichi
Narudi na taarifa. Nimesugua mashina 140 tangu alfajiri, nikipumzisha pua baada ya kila kumi, kwani ikizoea thimoli hainusi kingine. Saba yana karafuu, na mawili kati ya hayo yako mwisho kabisa wa shamba, penye kokoto, nisipopajali hata kidogo. Nimeyafunga uzi mwekundu. Maji nimeyafungua. Mnunuzi bado sijamwandikia.