Tunic: saa tatu za kwanza, nikaze moyo au niache?

mbweha_mchovu:
Jamani, ndio kwanza nimeuanza mchezo huu wa video, Tunic (najua nimechelewa, ulitoka 2022). Kambweha kanaamka ufukweni, hakana upanga wala ngao, na hakuna anayekueleza lolote. Unaokota kurasa za kitabu cha maelekezo moja moja, na maandishi yake mengi ni ya herufi zisizosomeka! Nakodolea picha macho kama mtoto ambaye hajaanza shule. Hapo nimenasa kabisa. Kinachonikera ni mapigano. Nabiringika mara tatu nne, pumzi inakata, nachapwa. Hivi mbele panazidi kuwa pagumu, au ni vidole vyangu tu vizito?

Kobe77:
Panazidi, pole. Usibiringike ovyo: pumzi ikiisha, kila pigo linakuumiza zaidi. Inua ngao, mwache arushe pigo lake, ndipo umrudishie.

nuru_ya_pango:
Kwenye mipangilio kuna pa kuzuia kufa. Mimi niliwasha kwa bosi mmoja tu (yale maadui makubwa), nikazima. Sioni aibu. Halafu pita nyuma ya kuta, kamera inaficha njia kibao.

Kobe77:
Na ukumbuke Andrew Shouldice aliutengeneza kwa miaka, sehemu kubwa peke yake. Kila kona ameiwekea kitu.

mbweha_mchovu:
Nimerudi. Ukuta ule ule niliopita mbele yake mara ishirini, kumbe nyuma yake kuna sanduku! Ngao nayo imeanza kunielewa. Usiku wa leo silali.