Filamu za katuni zilizotokana na gemu za ngumi: nianze na ipi na mpwa wangu?

Mjomba_Mwanza

Wakuu, salaam. Mpwa wangu yuko kwangu likizo hii, ana miaka 12. Anajifunza karate, amefika mkanda wa njano, na jioni haondoki banda la gemu, ni Tekken na Street Fighter mpaka wafunge. Sasa ananisumbua tuangalie pamoja filamu za katuni za hizo gemu. Mimi ni mtu wa Van Damme na mikanda ya VHS, katuni zilinipita.

Nilizochungulia mtandaoni ni miale na milipuko tu. Nataka ambayo watu wanapigana kweli, ili mtoto akiangalia apate kitu cha kupeleka mazoezini. Na mnitajie zile ambazo si za umri wake. Bando langu ni dogo, sitaki kupakua ovyo.

Joystiki_Kigamboni

Mkuu, kwako wewe mtu mzima: Mortal Kombat Legends: Scorpion's Revenge, ya 2020. Hanzo Hasashi anarudi nyumbani na mwanawe, anakuta ukoo wake wa Shirai Ryu umechinjwa, anauawa, kisha anafufuliwa kutoka kuzimu kama Scorpion na kwenda kulipa kisasi. Kumbe aliyemfufua ndiye mwenye damu ya mke na mtoto wake mikononi. Hadithi imeshikana vizuri kuliko nyingi za aina hii.

Lakini kwa mtoto, hapana kabisa. Ni ya watu wazima, kuna mahali kamera inaingia ndani ya mwili uone mfupa unavyovunjika, kama kwenye gemu yenyewe. Baada yake zimetoka nyingine tatu, Battle of the Realms, Snow Blind na Cage Match. Zote aangalie akikua.

Kamae_Tanga

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nafundisha watoto karate hapa Tanga, na wengi wao wanaletwa dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, na gemu, kwa hiyo swali hili nalijibu kwa moyo wote. Anza na Street Fighter II: The Animated Movie, ya 1994. Kwa mapigano sijaona iliyoipita.

Sababu iko kwa waliotengeneza. Mwongozaji Gisaburō Sugii na studio ya Group TAC hawakuwaachia wachoraji peke yao kazi ya kubuni ngumi. Waliita watu wa ulingoni: Kazuyoshi Ishii, mwanzilishi wa karate ya Seidokaikan na wa mashindano ya ngumi na mateke ya K-1, na Andy Hug, yule Mswisi aliyekuwa akipandisha mguu juu ya kichwa cha mpinzani na kumshushia kisigino kama shoka. Hug alikuja kuwa bingwa wa K-1 mwaka 1996, akafariki 2000 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 35. Ukiwa na watu kama hao chumbani, mchoraji hawezi kuchora ngumi inayotoka begani tu. Ataambiwa: nyonga iko wapi? Mguu wa nyuma unafanya nini?

Mwambie mpwa wako aangalie pambano la kwanza, Ryu, yule shujaa wa karate, na Sagat kwenye uwanda wa nyasi, radi inapiga. Asiangalie mikono, aangalie miguu. Sagat ni mtu wa ngumi za Kithai, mrefu, anatumia magoti na mateke mazito ya ubavuni. Ryu ni mfupi kwake, lazima aingie ndani ya urefu huo ndipo apige. Karibu pambano lote ni tatizo hilo moja la umbali, na kila mtoto mfupi dojoni kwangu analijua. Halafu inakuja ngumi ya kupanda, inampasua Sagat kifua. Anamrukia Ryu kwa hasira, na hapo ndipo Hadoken, lile bonge la nguvu analolirusha kwa viganja, inatoka, kisha jina la filamu.

Kwenye gemu Hadoken ni rahisi: chini, mshazari, mbele, bonyeza ngumi, na unaweza kuitupa mfululizo mpaka mwenzako akasirike. Filamu imeikataa tabia hiyo. Ryu anakusanya pumzi, viganja vinakutana kiunoni, unangoja. Ndiyo maana ikitoka inatisha. Hiyo miale na milipuko uliyoichungulia inachosha kwa sababu inatolewa bure, haijalipiwa na jasho lolote kabla yake.

Pambano la pili la kumwonyesha ni Chun-Li, yule dada mpelelezi, na Vega, ndani ya nyumba ya Chun-Li, usiku. Vega ana kucha za chuma na barakoa, anaruka kutoka ukutani vilevile anavyofanya kwenye gemu, lakini humu chumba ni kidogo na samani zinavunjika. Chun-Li anachanwa, anaogopa, na unaona anaogopa. Nalipenda pambano hili kuliko lolote kwenye katuni za ngumi. Yale mateke yake ya mfululizo, ambayo gemuni unayapata kwa kubonyeza kitufe haraka haraka, hapa anayatoa akiwa amebakiza nguvu za mwisho, na yanamtoa Vega nje kupitia ukuta. Mwenyewe anaanguka baada ya hapo. Ushindi umemgharimu, na hicho ndicho watoto wetu hawakipati kwenye gemu, ambako ukishinda raundi damu, ule mstari wa uhai juu ya skrini, inajaa tena.

Hadithi yenyewe ni nyembamba, nisikudanganye. Walitaka kila mpiganaji wa gemu aonekane, basi wengine wanapita dakika moja na kutoweka. Zangief na Blanka wanapigana Las Vegas, na ukiliondoa pambano hilo filamu haipungukiwi kitu.

Kwa kuwa umemtaja Van Damme: filamu yake ya Street Fighter ilitoka Desemba mwaka huohuo wa 1994, katuni ilitangulia Agosti kule Japani. Van Damme ni Guile, yule mwanajeshi, ndiye staa, na Ryu na rafiki yake Ken wamefanywa matapeli wa mjini. Namheshimu Van Damme, mateke yake yalitupeleka wengi dojo. Lakini Ryu ni mtu anayetembea dunia na begi begani akitafuta atakayemfundisha kitu kwa kumpiga. Ukimwondolea hilo umebaki na gi nyeupe tu, yaani nguo ya karate.

Binti_wa_Tekken

Ongezeni Tekken: Blood Vengeance ya 2011, hasa kama kuna mtoto wa kike nyumbani. Wanaoibeba ni wasichana wawili, Ling Xiaoyu na Alisa, na urafiki wao ndio moyo wa filamu. Imetengenezwa kwa kompyuta yote, wahusika wanafanana na wa gemu kabisa, na mwishoni baba, mwana na babu wa ukoo wa Mishima wanakutana wote watatu. Mpwa wako atawatambua kwa mapigo yao.

Kamae_Tanga

Dada, kweli, na pambano la mwisho ni zuri mpaka wanapoanza kugeuka mashetani. Kuanzia pale uzito unapotea, mtu anapigwa anavunja kasri na anasimama kama hakuguswa. Kwa urafiki wa wale wasichana nakubaliana nawe moja kwa moja.

Mjomba_Mwanza

Asanteni sana wote. Sensei, umenimaliza na hilo la miguu. Maswali mawili. Hiyo ya 1994 haina mambo ya kunitoa jasho mbele ya mtoto? Na baada yake ifuate ipi?

Kamae_Tanga

Ina mawili. Kabla ya pambano la Vega kuna Chun-Li anaoga, na lile pambano lenyewe lina damu. Yako matoleo yaliyokatwa na yasiyokatwa, kwa hiyo iangalie wewe kwanza, ujue dakika ya kuruka. Ukipata yenye sauti ya Kijapani, usishangae majina: Bison, yule adui mkuu, anaitwa Vega, Vega anaitwa Balrog, na Balrog yule bondia ndiye M. Bison. Mwambie mapema, la sivyo atabishana nawe filamu nzima. Muziki nao ni tofauti, toleo la Kiingereza limewekewa roki ya Kimarekani, Korn na Alice in Chains. Binafsi nachukua la Kijapani.

Inayofuata ni Fatal Fury 2: The New Battle, ya 1993. Tangulieni na ile ya 1992, Legend of the Hungry Wolf, mjue jinsi Geese Howard, yule adui, alivyomuua baba wa shujaa Terry Bogard. Katika ya pili Terry anashindwa na mpiganaji Krauser, anashindwa vibaya, na anaanza kunywa pombe. Anayemrudisha kwenye mstari ni mtoto mdogo anayemfuata kwa sababu anamwamini. Kuchora haifikii ile ya Sugii, lakini mtoto wa mkanda wa njano atapigwa mashindanoni siku moja, na ni filamu chache za ngumi zinazokaa na mtu aliyepigwa kwa muda mrefu hivyo. Hayo ya pombe mzungumze.

Na lile teke la kuzunguka hewani la Ryu na Ken, atataka kulijaribu usiku huohuo, nakuhakikishia. Asilijaribu kwenye sakafu ya saruji. Amwombe mwalimu wake amfundishe kwanza ushiro mawashi geri, teke la kuzunguka kwa nyuma, mguu mmoja ukiwa chini, taratibu, macho yakitangulia mguu. Akiweza kusimama bila kuyumba pande zote mbili, ndipo waongee habari za kuruka.