Trela dogo la kulala: ekseli ikae wapi?

Wakuu, naunda trela la watu wawili gerejini nyumbani. Sanduku ni mita 2.4 kwa 1.2, fremu ya bomba la mraba 50×50 mm, kuta plaiwudi ya mm 12. Ekseli (mhimili wa magurudumu) niiweke katikati?

— Mkuu, katikati hapana! Mkia ukizidi uzito, trela linayumba ukishika kasi na linaweza kulitoa gari barabarani. Sogeza nyuma, kama asilimia 60 ya urefu wa sanduku ukipima kutoka mbele, yaani mita 1.44 hivi. Usichomelee kwanza. Ishike kwa yu-bolti (bolti yenye umbo la U), pakia godoro, maji na jiko, kisha laza ncha ya mkono wa kuvutia (bomba la mbele linalofungwa kwenye gari) juu ya mizani ya kupimia watu. Trela la kilo 400 lisome kilo 40 hadi 60. Likisoma pungufu, rudisha ekseli nyuma kidogo upime tena.

— Nakazia. Na hiyo plaiwudi, maji huanzia kwenye kingo. Zipake epoksi (gundi ngumu isiyopitisha maji) mara mbili kabla ya kufunga, kila tundu la skrubu ulitie silikoni. Misumari achana nayo, mtikisiko huing'oa.

— Beringi nazo: kaza nati huku unazungusha gurudumu, ilegeze, irudishe kwa vidole tu, tia pini. Baada ya kilomita 20 simama uguse habu (kitovu cha gurudumu). Ikikuunguza, umekaza mno. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono, ukichomoka udakwe usichimbe lami.