Tunawavutaje wachezaji waje Mpanda?

Katibu wa Mpanda

Wadau habari za humu. Mimi ni katibu wa timu moja ya mpira hapa Mpanda, Katavi. Jina la timu naliacha, maana mwenyekiti wangu naye huwa anapita humu. Tupo First League, ngazi ya tatu, chini ya Ligi Kuu na Championship, na shida yangu ni moja: mchezaji akisikia "Mpanda" anakata simu.

Niwape mfano wa dirisha la usajili lililopita. Nilipanda basi mwenyewe hadi Dar, nikakaa siku tisa kwa shemeji yangu Mbagala, kila jioni nipo kwenye mechi za mchangani na daftari langu. Nikapatana na watatu. Wa kwanza, mshambuliaji, mguu wa kushoto kama umechongwa, alipokea nauli asubuhi, mchana simu haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Wa pili alipanda basi kweli. Alipofika Tabora, amechoka, akamuuliza kondakta imebaki safari kiasi gani. Alivyoambiwa, akashuka, akalala stendi, kesho yake akageuza. Wa tatu alifika. Beki mzuri, mtoto wa Tandika. Alikaa siku kumi na moja. Hakugombana na mtu. Siku ya kumi na mbili tukakuta kitanda kimetandikwa na jezi ya mazoezi imekunjwa juu yake.

Kabla hajaja, mama yake alinipigia kuuliza kama simba wanaingia mjini. Nilicheka, lakini baadaye nikaona mama wa watu hana kosa. Ukimwambia mtu Katavi, anachokijua ni mbuga.

Uwezo wetu: mshahara laki mbili na nusu, kambi ipo (nyumba ya vyumba vitano, maji ya kisima), chakula mara tatu. Pesa ya usajili ni ndogo, sitawadanganya. Tuna duka moja la vifaa vya ujenzi na wachimbaji wawili wa dhahabu wanaotushika mkono, basi.

Naomba ushauri kwa walioishi haya. Msiniletee mifano ya Ulaya, huko wanapanda ndege.

Kariakoo Ndani

Mkuu, hela. Weka hela mezani, mtu anakufuata hata Burundi. Laki mbili na nusu bodaboda wa hapa anaipata bila kupigwa kiatu cha ugoko.

Mbeya Kwetu

Kariakoo, hela si jibu lote. Tazama timu za pembezoni zilizodumu. Tanzania Prisons wako Mbeya miaka yote, na msimu wa 2020/21 walikuwa wanachezea Sumbawanga, jirani zako kabisa Katibu. Hawajawahi kuwa matajiri. Ila kijana akienda kule anajua kuna magwanda ya Magereza, na goti likikataa ajira inabaki. Mashujaa wa Kigoma nao ni jeshi, wakapanda Ligi Kuu 2023, tena kwa kuwatoa Mbeya City wetu kwenye mtoano (bado inauma). Kagera Sugar wana kiwanda nyuma yao.

Sasa tazama za wananchi. Majimaji ya Songea ilishuka 2018, Ndanda ya Mtwara ikashuka 2020. Tukuyu Stars ilichukua ubingwa wa nchi 1986, timu ya kutoka Rungwe, mvua na migomba, halafu timu kubwa zikawachota vijana wake. Leo ukiwatajia watoto Tukuyu Stars wanadhani ni bendi.

Kwa hiyo Katibu, wewe huna magwanda ya kumpa mtu. Tafuta kitu kingine kinachokaa mahali pa ajira. Hao wachimbaji wako na mwenye duka hawawezi kuwapa vijana wawili watatu kazi ya nusu siku? Mazoezi asubuhi, dukani mchana. Mchezaji mwenye sababu mbili za kukaa haondoki kwa sababu moja.

Golikipa Mstaafu

Katibu, nimesoma habari ya kitanda kilichotandikwa nikaacha chai yangu ipoe. Mimi nimewahi kutandika kitanda hivyo hivyo.

Natokea Tanga. Nimedaka miaka minane, minne kati ya hiyo nikiwa mbali na kwetu, timu mbili tofauti za mikoa ya mwisho wa reli na mwisho wa lami. Timu ya kwanza siitaji. Waliniahidi laki nne. Mwezi wa kwanza nikapewa laki nne taslimu kwenye bahasha, mbele ya wenzangu, na viongozi wakapiga makofi. Mwezi wa pili nikaambiwa subiri mechi ya nyumbani. Wa tatu, subiri mfadhili arudi safari. Wa nne hata wa kumwuliza sikumpata. Mwezi huo huo baba yangu akafariki. Klabu haikuwa na nauli. Wachezaji wenzangu, nao hawajalipwa, wakachangishana mpaka sarafu. Nilifika Tanga siku ya tatu, wameshazika. Nikarudi kuchukua begi tu.

Timu ya pili mshahara ulikuwa laki moja na themanini. Nilikaa misimu mitatu. Kwa nini? Kulikuwa na mzee mmoja mweka hazina, mwalimu mstaafu, kila tarehe tano anakuja kambini na baiskeli, anatulipa mmoja mmoja, unasaini kwenye kitabu cha kaunta. Tarehe tano ikiangukia Jumapili anakuja Jumamosi. Siku niliyosaini mkataba alinipa pia nauli ya kurudi Tanga, ndani ya bahasha, akaniambia: "Hii si ya kunywea soda. Siku ukipata shida nyumbani usije kuniomba ruhusa ya pesa, njoo uniombe ruhusa tu." Ile bahasha niliikalia misimu mitatu bila kuifungua. Kumbe nilichokuwa nahitaji ni kujua naweza kuondoka.

Jambo jingine mnalolisahau nyie makatibu. Mchezaji wa miaka 21 haogopi basi la siku mbili. Anaogopa kusahaulika. Mechi za Ligi Kuu zinaonekana kwenye televisheni, za kwenu nani anaziona? Akicheza vizuri Mpanda ni kama ameimba chumbani. Na anaogopa pia kwamba siku akipata timu, nyie ndio mtamkalia na barua, mnataka milioni tano ambazo hamkumlipa yeye hata robo. Hilo limemaliza vijana wengi kuliko majeraha. Liandike kwenye mkataba mapema: timu ya Ligi Kuu au Championship ikimtaka, mnamwachia kwa kiasi fulani kinachojulikana, kidogo, na yeye apate fungu lake. Halafu mechi zenu zirekodiwe. Simu juu ya ngazi katikati ya uwanja inatosha, mtoto wa sekondari anaweza. Kila baada ya mechi tano mchezaji apewe vipande vyake, avitume anakotaka.

Umemsikia George Mpole? Msimu wa 2021/22, akiwa Geita Gold, alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu, mabao 17, akampita Mayele wa Yanga kwa bao moja. Akatoka pale akaenda klabu ya Lupopo ya Lubumbashi, Kongo. Geita si Kariakoo. Lakini Geita alionekana.

Katibu wa Mpanda

Kaka golikipa, pole sana kwa mzee. Hiyo ya bahasha ya nauli naipeleka kwenye kikao Jumatano. Najua mwenyekiti atasema "ukimpa nauli ya kurudi atarudi kesho yake." Nitamjibu nini?

Golikipa Mstaafu

Mjibu kwamba huyo wa Tandika hamkumpa na alirudi.

Mwalimu wa Michezo

Katibu, mimi nafundisha sekondari mkoani humu humu Katavi, na nina lawama kidogo, utanivumilia.

Umekwenda kulala Mbagala siku tisa. Katumba umekwenda lini? Mishamo je? Kule kwenye makazi ya zamani ya wakimbizi kuna vijana wanacheza pekupeku kwenye viwanja vilivyoinama mpaka wamezoea kupiga krosi ya kupandisha. Wazee wao walikuja kutoka Burundi mwaka 1972, wamelima pale zaidi ya miaka arobaini, na uraia walipewa wakaanza kukabidhiwa vyeti 2014. Hawa ni Watanzania, na Mpanda kwao si mwisho wa dunia, ni mjini! Ukimpa mtoto wa Mishamo chumba Mpanda na laki mbili na nusu atamwita na mdogo wake.

Nilipeleka vijana wangu UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, Tabora. Mmoja, kiungo, alikaa jukwaani na mtu wa timu ya Mwanza kwa dakika ishirini, na wiki iliyofuata alikuwa ameondoka. Yule mtu alitoka Mwanza. Wewe ulikuwa wapi? Samahani, lakini ndiyo hali.

Angalizo moja: karatasi. Hakikisha cheti cha kuzaliwa, na cha uraia kwa waliozaliwa kabla wazazi hawajapewa, mapema, si wiki ya kufunga dirisha. Majina ya kule yanaandikwa kwa namna tatu kwenye vyeti vitatu. Mnakumbuka Agosti 2023 pale Chamazi, Tabora United walianza ligi dhidi ya Azam wakiwa wanane uwanjani kwa sababu ya mambo ya usajili? Ilifika nne bila, wakabaki pungufu ya saba, mpira ukaishia hapo. Wachezaji walikuwepo, ila hawakuruhusiwa kucheza. Hata ukimpata Messi, bila karatasi ni mtazamaji.

Mpishi wa Kambi

Shikamooni wakubwa. Mimi si wa mpira, nimepikia timu misimu miwili huku kanda ya magharibi. Nasema la jikoni.

Vijana wa pwani mnawaua na ugali mara mbili kwa siku. Wanakula, hawasemi, wanakonda. Mmoja wa Kilwa nilimkuta anachungulia sufuria kama anatafuta mtu. Mchele unalimwa huko huko Katavi, jamani, kwa nini mtoto wa pwani alie njaa ya wali Mpanda? Nazi ndiyo ghali, inatoka mbali, lakini mara moja kwa wiki, siku ya Ijumaa, nilikuwa napata mbili tatu. Siku hiyo kambi nzima inapiga kelele. Na samaki wa Ziwa Tanganyika wapo, migebuka, dagaa. Mlisheni mtu vizuri wiki ya kwanza. Wanaotoroka wengi wanatoroka ndani ya wiki mbili, baada ya hapo wanakuwa wameshapata na mchumba.

Mswahili wa Oslo

Katibu umekataza Ulaya, nitasema kwa kifupi nikimbie. Huku Norway kuna timu inaitwa Bodø/Glimt, mji wa watu kama elfu hamsini, kaskazini kiasi kwamba katikati ya baridi jua halionekani kabisa kwa siku kadhaa. Zamani mchezaji wa Oslo ukimwambia Bodø alikuwa anakata simu vile vile. Wakajenga juu ya watoto wa kaskazini, halafu wakaongeza walioachwa na timu nyingine. Mwaka 2020 wakachukua ubingwa wa kwanza katika historia yao, mwaka uliofuata wakaifunga Roma 6-1. Ila linalokuhusu wewe ni hili: Jens Petter Hauge, mtoto wa pale pale, walimuuza AC Milan 2020 bila kumkalia. Tangu hapo kila kijana anajua njia ya Milan inapita kule kwenye giza. Nimemaliza, nakimbia.

Kariakoo Ndani

Mimi nabaki na hela yangu, ila hiyo ya tarehe tano imenigusa. Hata huku mjini wapo wasiolipa.

Katibu wa Mpanda

Nimerudi na mrejesho, wadau.

Kikao kimechukua muda wa saa nne nzima. Bahasha ya nauli imepita kwa kura moja. Kura hiyo ni ya mwenye duka, na amekubali pia kuchukua vijana wawili mchana, mmoja stoo, mmoja kwenye mizani ya misumari. Kifungu cha kumwachia mchezaji kimeleta vurugu, mwenyekiti anasema tunalea ng'ombe tugawe maziwa. Tumekubaliana kiasi kiandikwe, kiwe kidogo, na asilimia ishirini iwe ya mchezaji. Malipo tarehe tano. Mweka hazina ameguna.

Mwalimu, umenipiga kisawasawa. Jumamosi nilikwenda Katumba na kocha. Tumeona mabeki wawili wa pembeni na golikipa mmoja mrefu ambaye cheti chake kina jina la dada yake. Hilo tunalishughulikia.

Halafu jana usiku nikampigia yule kijana wa Tandika. Sikumwomba arudi. Nilimwuliza tu kwa nini aliondoka bila kuaga. Akakaa kimya, nikadhani amekata. Akasema: "Katibu, niliona aibu. Mlinipokea vizuri, nikashindwa kuwaambia kwamba usiku nilikuwa silali kwa ukimya." Ukimya! Kumbe mtu wa Tandika amezoea kulala na muziki wa baa tatu.

Tulipokuwa tunaagana akauliza kama zile mechi tumeanza kuzirekodi. Nikamwambia tumeshapata ngazi. Akauliza chumba cha barabarani, kile kinachotazama stendi, kama kina mtu.

Nimemwambia kitasubiri mpaka Ijumaa.