Naomba ushauri: grenda ya inchi 9, nisuke upya nyaya za rota (sehemu ya mota inayozunguka) au ninunue nyingine?

Habari zenu wakuu. Nina grenda ya inchi 9, wati 2,200, ya kukatia skwea paipu na kusawazishia maungio ya mageti. Siku hizi inatoa cheche nyingi kwenye matundu ya hewa ya nyuma, na nguvu imepungua. Ukiikandamiza kidogo tu inazubaa. Nimebadilisha kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota), nikapuliza vumbi la chuma kwa kompresa. Ikizunguka bure inatulia, lakini ikigusa chuma cheche zinaizunguka kopa ya rota (vile vipande vya shaba vinavyoguswa na kaboni) kama pete, na inanuka vanishi inayoungua.

Fundi mmoja anasema rota isukwe upya. Mwingine anataka kuikereza ile kopa tu, eti "uendelee na kazi". Huyu wa pili simwamini sana, maana nikipima kwa mita kuna vipande viwili jirani vya kopa vinasoma tofauti kabisa na wenzake.

Waliowahi kusukiwa rota ndogo kama hizi, zilidumu? Au bora kununua rota nzima dukani? Koili za nje bado zinaonekana safi. Halafu umeme wetu wa jioni hushuka hadi taa zinafifia, na mimi kazi nyingi nafanya muda huo. Yaweza kuwa ndiyo chanzo?